Kupima mwanga wa nyota ukiwa Dome C: kazi nyingi iko kabla ya usiku

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua kazi yenyewe inafanywaje: kupima mwanga wa nyota kwa darubini iliyosimama juu ya barafu ya Antaktiki, na kupata kipimo cha kuaminika hadi sehemu moja kwa elfu. Mimi ni fundi wa vyombo, mzaliwa wa Tanga. Dome C, kuba la barafu lenye kituo cha Concordia, huwa nakwenda wakati wa kiangazi cha huko, Desemba na Januari, jua likizunguka angani bila kuzama, nasi tunafungua, tunasafisha na kufunga upya. Baridi inapoingia na nyota zinapoonekana, mimi niko Ulaya napokea namba na kuandikiana na mwenzetu aliyebaki kituoni. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye yale yanayotakiwa kuwa tayari kabla ndege ya mwisho haijaruka. Hapo ndipo kipimo kinapopona au kuharibika.

Kwanza mahali. Kituo cha Concordia ni cha Wafaransa na Wataliano. Kipo juu ya kuba la barafu, mita 3,233 kutoka usawa wa bahari, nyuzi 75 kusini mwa ikweta. Kutoka Dumont d'Urville, kituo cha pwani, ni kama kilomita 1,100, na msafara wa matrekta ya mizigo huchukua siku 10 hivi ukienda vizuri. Watu wamekuwa wakikaa pale baridi nzima tangu 2005. Kuanzia Februari hadi Novemba hakuna ndege. Skrubu uliyoisahau Februari utaipata Novemba, kwa hiyo kila kitu kiwe na mwenzake kwenye sanduku la akiba, na sanduku liandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtu aliyevaa glavu tatu.

Tunahangaika hivyo kwa sababu tatu. Tangu mwanzoni mwa Mei hadi karibu katikati ya Agosti jua halichomozi, kwa hiyo nyota unaweza kuifuata siku kwa siku bila kukatizwa na mchana. Pili, hewa ya juu imetulia sana. Vurugu inayofanya nyota zimetemete iko karibu yote katika mita 30 za chini, na ukipanda juu ya tabaka hilo unakuta anga tulivu kuliko vilele vingi vinavyosifiwa duniani. Tatu, ni pakavu na upepo ni mdogo. Watu hudhani huko ni dhoruba tupu. Dhoruba ziko pwani. Juu ya kuba upepo wa kawaida ni mita tatu tu kwa sekunde.

Lakini usidanganyike na neno "usiku wa miezi mitatu". Hata tarehe 21 Juni, ifikapo adhuhuri jua liko nyuzi nane na nusu tu chini ya upeo wa macho, na anga ya upande wa kaskazini inapata weupe. Kwa nyota angavu haidhuru. Kwa nyota hafifu, saa hizo zitakuwa na kelele zaidi, yaani nukta zilizotawanyika, kwenye grafu yako, nawe uzitarajie. Mwezi nao una tabia yake: majira ya baridi mwezi mpevu unakaa juu kwa siku nyingi mfululizo, kisha mwezi mchanga hauonekani kabisa kwa siku nyingi vilevile. Panga nyota zako hafifu kwa kalenda ya mwezi. Mianga ya rangi ambayo watalii huifuata si tatizo kubwa, maana Dome C iko ndani ya duara la mianga hiyo, si chini yake.

Ukichagua nyota, hesabu kwanza kimo chake. Suheli, ambayo mabaharia wetu wanaijua, pale haizami kamwe. Inazunguka tu, mara juu mara chini. Kilimia, kinyume chake, hakichomozi hata mara moja. Chukua nyota WASP-19, iliyo karibu nyuzi 46 kusini mwa ikweta ya anga: ikiwa juu kabisa inafika nyuzi 60 kutoka upeo, ikiwa chini kabisa inabaki nyuzi 30. Maana yake mwanga wake unapita katika unene wa hewa unaobadilika polepole kutoka 1.15 hadi karibu 2, ukichukua hewa iliyo wima juu ya kichwa kuwa 1. Hiyo ni tofauti ndogo. Ukiwa Dar es Salaam, nyota hiyohiyo inachomoza, inapanda, inazama, na wewe umepata saa chache tu.

Tuje kwenye kipimo. Hatupimi mwanga wa nyota moja peke yake. Tunapima nyota yetu dhidi ya majirani zake walio kwenye picha hiyohiyo. Tuseme kamera imekusanya hesabu 412,000 kutoka nyota yako, na nyota nne za kulinganishia kwa jumla zimetoa 1,030,000. Uwiano ni 0.4000. Baada ya nusu saa chembe za barafu zinapita angani na kila kitu kinapungua kwa sehemu moja ya kumi: 370,800 kwa 927,000. Uwiano bado ni 0.4000. Sasa sayari inapita mbele ya nyota yako, na uwiano unashuka hadi 0.3920. Hapo una jambo. Nyota imepungua mwanga kwa asilimia 2, ambayo kwa magnitudi, kipimo cha wanaastronomia cha mng'ao wa nyota, ni 0.022. Huo ndio upungufu unaosababishwa na sayari ya WASP-19, jitu la gesi linaloizunguka nyota yake kwa chini ya saa 19.

Kila ninachoeleza kuanzia hapa kina shabaha moja: uwiano ule usibadilike kwa sababu yoyote isipokuwa nyota yenyewe. Wageni wanaogopa baridi. Baridi iliyotulia kwenye nyuzi 65 chini ya sifuri haina neno, vyombo vinaizoea. Kinachoua kipimo ni mabadiliko: joto linalopanda na kushuka, sakitu (umande ulioganda) inayojijenga upande mmoja wa kioo, nyota inayohama kutoka pikseli hadi pikseli.

Sakitu, joto na chuma

Kioo cha darubini kikiitazama mbingu iliyo wazi kinapoteza joto na kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Hewa ya Dome C, ingawa ni kavu, mara nyingi imeshiba mvuke kwa kadiri ya baridi yake, kwa hiyo inaacha sakitu juu ya kila kilichopoa zaidi yake. Dawa ni kukipasha kioo kwa nyuma, kiasi tu cha kukiweka digrii moja au mbili juu ya hewa. Usiongeze. Ukipasha sana, hewa ya moto inapanda mbele ya kioo kama mvuke wa sufuria na nyota zinavimba. Na usitumie hita ya kuwaka na kuzima. Tumia mkondo mdogo usiokatika, unaorekebishwa na kihisi joto kilichogundishwa kwenye kioo chenyewe. Kihisi kilicho kwenye fremu kinakwambia habari za fremu.

Kuna na chembe za barafu zinazoelea hata mbingu ikiwa safi, zinazometameta ukizimulika kwa tochi. Hizo zinatua tu, hita haizizuii. Mwenye zamu azifagie kwa brashi ya manyoya laini kabla ya kuanza mfululizo wa picha, na asipumue kuelekea kioo. Pumzi moja pale ni sakitu ya papo hapo. Ikilazimu kufagia katikati ya kazi, aandike saa na dakika. Ukiona ngazi kwenye grafu baadaye, utafungua daftari kabla hujatangaza sayari mpya.

Kamera ndiyo inayowachekesha wanafunzi. Sehemu nyingine tunapoza kamera ili kupunguza kelele. Huku lazima tuipashe. Mota za kufungua na kufunga pazia la kamera hazikuundwa kwa nyuzi 70 chini ya sifuri. Kwa hiyo kamera inakaa ndani ya sanduku lililofungwa vizuri, lenye dirisha la kioo, na joto la ndani linashikiliwa takriban nyuzi 20 chini ya sifuri. Darubini ya ASTEP ya sentimita 40, iliyosimikwa Dome C na kuanza kazi 2010, ilijengwa kwa mtindo huo na timu ya Nice, Ufaransa, chini ya Tristan Guillot. Usimamizi wa joto la sanduku uwe mkali, nusu digrii huku na huku, kwa sababu joto la kihisi likicheza, usikivu wake nao unacheza.

Mwili wa darubini nao unasinyaa. Fanya hesabu: bomba la alumini la mita 1.8, joto likishuka digrii 20, linapungua karibu milimita 0.8. Umakini wa picha kwenye darubini ya aina hii unavumilia makumi machache tu ya mikroni. Ndiyo maana nguzo za bomba hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Hata hivyo tengeneza jedwali: kwa kila joto la hewa, kifaa cha umakini kikae wapi. Rekebisha kabla ya tukio na baada yake. Ukiwa katikati ya mpito wa sayari, kiache.

Waya za kawaida zenye ganda la plastiki zinavunjika kama vijiti. Nunua zenye ganda la silikoni au Teflon, na uache kitanzi kirefu mahali zinapojikunja. Grisi ya kawaida inakuwa gundi. Ioshe yote kwa kiyeyushi na uweke ya baridi kali. Beringi za chuma cha pua zilizokazwa ndani ya alumini zinabanwa, kwa kuwa alumini inasinyaa zaidi, kwa hiyo mchongaji aache nafasi. Jaribu kila kitu kabla ya kusafirisha. Kama huna chumba cha baridi cha maabara, chukua sanduku la povu na barafu kavu, ambayo ina nyuzi 78 chini ya sifuri, ufunge mota humo usiku kucha kisha uiwashe. Friza ya nyumbani inaishia nyuzi 18 chini ya sifuri, haikwambii kitu.

Na kilichowashwa kiache kimewashwa. Kompyuta inayofanya kazi inajipasha yenyewe. Ikizimika kwa muda wa saa mbili, kuiamsha ni shughuli. Ukitoa kifaa nje kukiingiza ndani, kitie kwenye mfuko wa plastiki na uufunge ukiwa bado nje, kisha ukiache kipate joto humohumo. Vinginevyo mvuke wa jikoni wote utahamia kwenye saketi.

Kuishika nyota pale pale

Pikseli hazilingani. Moja inapokea mwanga kwa asilimia moja zaidi ya jirani yake, nyingine ina vumbi juu yake. Nyota ikihama, uwiano wako unahama nayo. Kwa hiyo lengo ni nyota ibaki kwenye pikseli zilezile tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, na hapa utahitaji kamera ya pili ya kuongoza, inayotazama nyota moja na kusahihisha mota kila baada ya sekunde chache.

Mhimili wa darubini uelekee ncha ya kusini ya anga. Pale ncha iko nyuzi 75 juu, kwa hiyo mhimili unasimama karibu wima, na baadhi ya stendi za kununua haziruhusu pembe hiyo bila kuongezewa kabari. Pima hilo dukani. Kumbuka pia kwamba umesimika darubini juu ya theluji iliyoshindiliwa. Inatitia. Hakiki mwelekeo mara kwa mara, hata kama mwezi uliopita ulikuwa sawa.

Mimi napendelea kupunguza umakini wa picha kidogo, nyota isambae kwenye pikseli nyingi. Karibu na ardhi hewa ya baridi ina vurugu, na picha kali kupita kiasi itakuwa inapanuka na kusinyaa usiku kucha. Ukiisambaza, mabadiliko hayo yanameng'enyeka, na unaweza kukusanya mwanga mwingi bila pikseli kufurika. Wengine hubishana nami hapa, hasa wenye nyanja zilizojaa nyota, na wana haki: nyota zikibanana, kusambaza kunazichanganya. Angalia eneo lako.

Muda wa picha unaamuliwa na hesabu. Kelele ya mwanga wenyewe ni kipeuo cha pili cha hesabu ulizokusanya. Ukikusanya elektroni 1,000,000, kelele ni 1,000, yaani sehemu moja kwa elfu. Kumetameta kwa hewa kunaongeza yake. Kwa darubini ya sentimita 40, picha ya dakika moja na kimo cha mita 3,233, kanuni ya kawaida inatoa karibu sehemu 0.65 kwa elfu. Dome C hali ni nzuri kuliko kanuni, kwa sababu hewa ya juu imetulia. Ndiyo maana mwaka 2010 iliwezekana kwa darubini ndogo kama ile kufuatilia WASP-19 Mei nzima na kuona, kwa kurundika data, jinsi mwanga unavyopungua sayari inapojificha nyuma ya nyota: sehemu mia chache tu kwa milioni.

Picha za kusahihishia, na saa

Piga picha za giza, pazia likiwa limefungwa, kwa joto lilelile na muda uleule wa picha zako. Piga na picha za anga tupu ya machweo, ili ujue kila pikseli inaitikia vipi. Kwetu Tanga giza linaanguka haraka, unabaki unakimbizana na anga. Pale mapambazuko yanachukua muda mrefu, hasa Mei na Agosti, unapiga picha kwa starehe. Zipige nyingi, darubini ikiwa na umakini uleule wa kazini.

Saa ya kompyuta isiaminiwe. Funga kipokezi cha GPS na kila picha ibebe muda wake. Kisha, ukiandika matokeo, badilisha muda huo kuwa wa kitovu cha uzito cha mfumo wa jua. Dunia inapozunguka jua, mwanga wa nyota unaweza kutufikia mapema au kuchelewa hadi dakika nane na zaidi kidogo. Usipofanya hivyo, mpito ulioupima Mei na ule wa Agosti havitapatana, na mtu atadhani kuna sayari ya pili inayovuta.

Kutoka picha hadi grafu

Kamera ya pikseli 4,096 kwa 4,096 inatoa faili ya megabaiti 33 hivi kwa kila picha. Picha moja kila sekunde 80, kwa saa 24, ni gigabaiti 36 kwa siku. Setilaiti haiwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo kompyuta ya kituoni inafanya kazi yote, na mimi napokea orodha ya namba na picha moja ndogo ya kukagua. Diski zenyewe zinasafiri kiangazi kikija, nakala mbili, katika mizigo tofauti.

Programu ya AstroImageJ ni ya bure na inatosha kujifunzia. Weka duara kuzunguka nyota, nusu kipenyo chake kiwe mara moja na nusu hadi mbili ya upana wa nyota, na pete ya nje kwa ajili ya kupima anga. Jaribu maduara kadhaa. Wengi huchagua duara linaloifanya nyota yao ipendeze. Mimi nachagua linaloifanya nyota ya kulinganishia itulie zaidi, ile ambayo sina hamu nayo. Nyota za kulinganishia ziwe na rangi na mng'ao unaokaribiana na yako, kwa sababu hewa inameza mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na nyota ya buluu dhidi ya nyekundu itakupa mteremko wa uongo kila inaposhuka angani. Zilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Inayocheza itoe.

Kazi nyingi tunazopata sasa zinatokana na TESS, satelaiti ya Marekani ya kusaka sayari za nyota nyingine, iliyorushwa 2018. Pikseli yake moja inafunika sekunde 21 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja kwa 3,600 ya nyuzi moja ya anga), kwa hiyo ikiona mwanga umepungua haijui daima ni nyota ipi kati ya zilizobanana. Sisi tunaangalia eneo hilo kwa picha kali zaidi na kusema: ni hii, au ni jirani yake. Eneo ambalo TESS ilitazama muda mrefu zaidi kusini liko juu ya upeo wa Dome C saa zote. Hapa, kwa kweli, weka umakini mzuri. Yale ya kusambaza nyota yasahau.

Ukitaka kuanza ukiwa nyumbani

Huhitaji barafu kujifunza mkono. Tafuta kamera yenye lenzi ya kubadilisha, tripodi, na nyota iitwayo l Carinae, ambayo magnitudi yake inapanda na kushuka kati ya 3.3 na 4.2 hivi kwa siku 35.5. Kutoka pwani yetu, Aprili na Mei kama saa mbili usiku, iko upande wa kusini, nyuzi 30 na kitu juu ya bahari. Upsilon Carinae, yenye magnitudi karibu 3, ni jirani mzuri wa kulinganishia. Piga picha 20 za sekunde tano, faili ghafi, umakini umepunguzwa kidogo, na utumie chaneli ya kijani peke yake. Epuka usiku wenye mawingu membamba ya kusi. Macho hayayaoni, kamera inayaona. Rudia kila usiku ulio wazi, lenzi ileile, mipangilio ileile, na uandike joto, saa na unyevu wa hewa kwenye daftari. Baada ya mizunguko miwili utaona nyota inang'aa haraka na kufifia polepole, na kama nukta zako zimetawanyika zaidi ya 0.05 magnitudi, anza kutafuta kilichobadilika kati ya usiku mmoja na mwingine.